Jumamosi ya jembe na miguu: siku moja maishani mwangu katika msitu wa Karura

Saa kumi na moja alfajiri

Mvua imenyesha usiku kucha hapa Umoja, Nairobi, na kabla sijawasha taa nishajua leo kazi itakuwa nzuri. Sisi tunaotunza njia za msituni huwa tunaiombea mvua ya usiku wa kuamkia siku ya kazi. Maji yakishapita ndipo unapoona yalikoingilia, yalikotuama na yalikochukua udongo. Njia kavu haikuambii mengi.

Nabandika chai na kupasha nduma za jana. Mkoba nimeupanga tangu usiku: glovu za ngozi, lita 2 za maji, koti la mvua, soksi za kubadilisha, tupa ya kunolea. Gambuti nimezitia kwenye kigunia. Siku nyingine za wiki niko kaunta ya hadiwea huko Kariobangi nikiuza saruji, misumari na mabati, na Jumamosi moja kila mwezi tajiri wangu huniachilia. Ameshazoea. Hata majembe mawili ya kikundi yametoka kwake, yale ambayo mipini ilikuwa imepasuka tukaibadilisha wenyewe.

Saa kumi na mbili na nusu

Matatu mbili: ya kuingia mjini, kisha ya Kiambu. Jumamosi asubuhi barabara ni nyeupe. Napita Muthaiga kukiwa kumekucha, nashuka Kiambu Road.

Saa moja na nusu

Langoni tumekutana watu wa kila namna: muuguzi aliyetoka zamu ya usiku, wanafunzi wa chuo, fundi wa umeme, mama na binti yake, na mwalimu mstaafu ambaye ndiye kiongozi wetu. Sote twamwita Mwalimu. Askari wa msitu yuko tayari kutusindikiza. Karura ni msitu wa serikali, uko chini ya Huduma ya Misitu Kenya, na kibali cha kazi Mwalimu anacho mfukoni. Hata sehemu tutakayofanyia kazi ilikubaliwa mapema. Nalitaja hili kwa sababu wapo watu wenye nia njema kabisa ambao huona njia imezibwa na mti ulioanguka, wakafyeka nyingine pembeni. Wiki mbili baadaye kila mtu anaipita ile mpya, na miche iliyokuwa inaota pale imekwisha.

Wageni hupewa utaratibu kabla ya kukabidhiwa chochote. Mwalimu husimama mbele yao na kusema kwa sauti ileile aliyoitumia darasani:

"Jembe hubebwa mkononi, chini, upande wa bondeni. Begani halipandi. Ukiteleza unalitupa mbali nawe, usianguke nalo. Kati yako na mwenzako pawe na urefu wa majembe mawili. Ukitaka kupita nyuma ya anayelima, sema 'napita', kisha ngoja akuangalie machoni."

Halafu anagawa nafasi za kutembea. Kichwa ni yeye, mkia ni mimi. Kazi ya mkia ni moja: hakuna mtu anayebaki nyuma yake. Akisimama mama kufunga kamba za viatu, mkia anasimama. Na kichwa hatoki kwenye njia panda yoyote mpaka auone mkia umefika. Njia panda za Karura zina nambari kwenye vigingi, kwa hiyo ikitokea mtu ametengana na wenzake anataja nambari kwa simu na anafuatwa. Nimetembea na vikundi vinavyolipisha pesa nyingi na kukuahidi picha za kupendeza, lakini wanaoenda mbio wakatangulia na wanaohema wakaachwa na Mungu wao. Hapa kwetu mwendo ni wa yule aliye mzito kuliko wote, na halijawahi kuzua ubishi.

Saa mbili

Tunaingia. Mikaratusi kwanza, mirefu, ikidondosha matone ya usiku. Kisha tunashuka kwenye miti ya asili, kuna mihugu na mitamaiyu, na baridi inabadilika.

Kijana mmoja, mgeni, amekuwa nami huku nyuma. Baada ya muda hajizuii.

"Anti, mbona tunasimama kila saa? Haiki ya wikendi iliyopita tulikuwa tushafika mbali saa hizi."

"Hebu inama hapa, kijana wangu. Unaona nini?"

"Majani."

"Yamelala vipi?"

Anatazama. Majani makavu na vijiti vimejipanga mstari, vyote vikielekea chini katikati ya njia. Hatua kumi mbele mstari unageukia kushoto, mizizi ya mti imeachwa wazi, na chini yake kuna mchanga laini uliotandazwa. Namwonyesha kwa kidole: maji yalikuja kutoka kule, yakapata kasi hapa, yakala udongo pale kwenye mizizi, yalipochoka yakautua huku. Usiku mmoja tu. Kijana anatembea kimya kidogo, halafu nasikia anaanza kunionyesha yeye: "Na hapa je, Anti? Hapa yametuama." Kweli yametuama.

Ndiyo sababu nawahimiza watu wanaotaka kuanza matembezi ya msituni wajiunge na kikundi kinachotengeneza njia. Anayekuongoza amewahi kupiga magoti pale unapokanyaga. Anajua ubao upi wa daraja umelegea na mteremko upi huteleza hata wakati wa kiangazi, maana aliurekebisha yeye.

Saa tatu hadi saa sita

Kazi ya leo iko kwenye mteremko unaoshuka kuelekea mto. Miaka ya miguu na baiskeli imeididimiza njia katikati, na udongo uliosukumwa pembeni umejenga tuta dogo upande wa bondeni. Hilo tuta ndilo mkosaji. Maji yakishaingia njiani hayana pa kutokea, yanashuka nayo mpaka chini, na kila mvua inachimba zaidi.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kulivunja tuta na kuilaza njia iinamie bondeni kidogo, sentimita 5 hivi kwa kila mita 1 ya upana. Ukiinamisha zaidi, wazee na wenye baiskeli watateleza. Kipimo chetu ni chupa ya maji iliyojaa nusu. Unailaza ikiwa imekingama njia, unaangalia usawa wa maji ndani yake, unakwangua tena, unailaza tena. Udongo mwekundu wa huku ukiwa na unyevu unakatika vizuri kwa jembe, kama jibini, na unashikamana ukiupiga kwa mgongo wa beleshi. Ukikauka unakuwa tofali na mikono inajua.

Kazi ya pili ni mitaro ya kukingama, na hapa ndipo wengi huchimba bure. Mtu anachimba mfereji ulionyooka kutoka ukingo hadi ukingo, mwembamba na wenye kina. Mvua mbili, umejaa matope. Mtaro unaodumu hukata njia mshazari, karibu nyuzi 45, ili maji yasipoteze kasi na yajisafishie yenyewe. Unakuwa mpana na wa kina kifupi, ili gurudumu lipite na mguu usijikwae. Mdomo wake wa bondeni uwe mpana kuliko mwanzo wake, na uendelee nje ya njia mpaka pale ambapo maji hayawezi tena kurudi. Udongo uliochimbwa hautupwi. Unapandishwa upande wa chini wa mtaro na kushindiliwa.

Juu ya mtaro wetu wa pili mvua ya usiku ilikuwa imeacha kidimbwi. Muuguzi, ambaye kwa haki angekuwa kitandani, ndiye aliyekuwa na jembe. Akakata ukuta wa mwisho wa udongo. Maji yakasita, yakajikusanya kwenye mfereji yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, yakaelekea bondeni, yakapotea kwenye majani. Nyuma yake njia ilibaki tupu. Watu wazima tulipiga makofi. Mimi hufurahi kila mara nikiona hivyo, na sidhani nitaacha.

Kazi ya tatu inanikera, kwa kuwa isingehitajika. Kando ya sehemu iliyokuwa na tope, njia imezaa njia tatu. Watu hawataki kuchafua viatu, wanapita pembeni. Pembeni pakichakaa wanasogea tena. Mimea inakanyagwa, udongo unagandamizwa, maji yanashindwa kuzama, na tope linapanuka. Tumeziba zile za pembeni kwa matawi na magogo yaliyolala, tukachimbua kidogo udongo uliogandamana ili mbegu zipate pa kushika. Ombi langu kwa yeyote anayetembea Karura, Ngong, Oloolua au kokote: ukikuta tope katikati ya njia, pita katikati ya tope. Viatu huoshwa.

Wakati huohuo kikosi cha wanafunzi kilikuwa kwenye lantana, kichaka vamizi. Maua yake ni mazuri na ndege hupenda matunda yake, na ndiyo maana huenea kwa kasi; hufunga kichaka hadi mche wa asili chini yake hauoni jua. Leo udongo umelainika, inang'oka na mizizi. Kuikata tu ni kuipogoa, itarudi na nguvu mpya. Iliyo kwenye ukingo wa mto hatujaigusa, mpaka mizizi ya miti mingine iweze kuushikilia ukingo ule.

Saa sita na nusu

Githeri, parachichi, ndizi. Binti wa yule mama amegawa njugu kwa wote. Mgongo wangu unanikumbusha umri.

Saa saba na nusu

Sasa ndiyo matembezi yenyewe. Zana tumezifungia, tunatembea mikono mitupu hadi kwenye maporomoko ya maji, kisha mapangoni. Maporomoko leo yananguruma kwa ajili ya mvua, maji mekundu. Mekundu, yaani udongo wa mtu fulani, shamba au njia fulani, uko safarini. Baada ya asubuhi kama ya leo huwezi kuyatazama maji hayo kama mtalii.

Kwenye mapango, ambayo wapiganaji wa Mau Mau wanakumbukwa kwayo, Mwalimu huwaketisha wageni. Huwaeleza kwamba Karura ilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1932, na kwamba mwishoni mwa miaka ya 1990 vipande vyake vilikuwa vimegawiwa watu binafsi wajenge. Tarehe 8 Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walifika na miche kupanda, wakavamiwa na kupigwa na kundi la wanaume waliokuwa wakilinda ardhi hiyo. Yeye mwenyewe alijeruhiwa kichwani. Mwalimu haongezi chumvi. Husema tu kwamba hekta elfu moja na ushei za msitu katikati ya jiji zipo kwa sababu kuna watu walikuja na jembe pasipo kualikwa na mtu mwenye nguvu, na kwamba sisi leo tumekuja na jembe tukafunguliwa lango. Yule kijana alikuwa amezaliwa miaka mingi baadaye. Akauliza maswali mengi, na mwendo wa kurudi ukawa wa maswali.

Karibu na njia panda tukawaona mbega juu ya mti, mikia myeupe ikining'inia. Hao waliletwa Karura kutoka upande wa Kipipiri, na wameshika makao. Mama yule alimnyamazisha binti yake kwa kumshika bega tu. Tukasimama kichwa hadi mkia.

Saa tisa na nusu

Kazi isiyopigwa picha: kusafisha zana. Udongo unakwanguliwa kwa kijiti, jembe linaoshwa, linafutwa kavu, linapakwa mafuta. Panga zinapita kwenye tupa. Nyayo za gambuti zinasuguliwa kwa burashi hapa hapa, maana mbegu za magugu husafiri kwenye matope ya viatu, na wengi wetu wiki ijayo watakuwa Ngong au Longonot. Mpini mmoja umelegea. Nimeuweka kando, nitaupeleka dukani.

Kijana amekuja kuuliza kama mwezi ujao anaweza kuleta dada yake. Mwalimu akamjibu, "Mlete, mwanangu. Mwambie avae suruali ndefu, thabai zinazowasha hazichagui."

Saa kumi na moja na nusu

Nimo kwenye matatu, nimepata kiti cha dirishani, naandika ripoti ya kikundi kwenye simu kabla sijasahau. Tuta la ukingoni limeondolewa kwenye mteremko wote isipokuwa mita za mwisho karibu na mto. Mitaro minne imechimbwa, wa tatu unahitaji mawe mdomoni kwa sababu bondeni pake pana mteremko mkali, maji yataanza kuchimba. Anayeishi karibu aende Jumatano mvua ikinyesha, atazame wa tatu tu, apige picha. Mwezi ujao tubebe sururu na mtaimbo, kuna jiwe lazima lisogee. Glovu za watoto zinatakiwa jozi mbili.