Nilikesha kwa ajili ya 360

Wiki ya pili kazini, hesabu zilikataa kufunga. Nilikuwa karani mpya wa hesabu, kazi yangu kuingiza ankara na malipo kwenye kompyuta, na jioni salio la leja, yaani daftari kuu la hesabu, lilitakiwa lilingane na taarifa ya benki. Siku hiyo yalipishana kwa 360.

Nikanyamaza. Wenzangu wakaondoka, mimi nikabaki kupekua ankara moja moja hadi mistari ikaanza kucheza machoni. Tatizo lenyewe lilianza siku ya kwanza. Kila nilipoulizwa "umeelewa?" nilijibu "ndiyo", hata pale nilipotoka kapa. Sasa ningerudi kuuliza kwa uso gani?

Asubuhi nikamfuata dada mmoja mkongwe wa idara yetu.

"Dada, samahani. Jana sikufunga, kuna tofauti ya 360."

Hakushtuka. "Inagawanyika kwa 9?"

Nikadhani ananitania. Nikabonyeza kikokotoo: 40 kamili.

"Basi huenda umegeuza tarakimu. Na 360 ni 90 mara 4, kwa hiyo anzia kwenye mamia na makumi. Tafuta tarakimu mbili zinazopishana kwa 4."

Dakika chache tu nikaiona: malipo ya ankara ya 5,840 nimeyaandika 5,480. Usiku mzima nimeutupa kwa swali la nusu dakika! Akaniongezea na la pili: ikikataa kwa 9, gawa tofauti kwa 2, kisha utafute kiasi hicho. Mara nyingi utakikuta kimeingizwa upande usio wake, debiti badala ya krediti.

Tangu hapo nikawa na kijidaftari cha makosa yangu. Sikuandika maneno ya kujilaumu, niliandika kosa na nilikuwa nafanya nini lilipotokea. Baada ya mwezi nikaona kitu ambacho sikukitarajia: mengi yalitokea pale mtu aliponiita nikiwa katikati ya ankara. Dawa yake ikawa penseli. Nikiitwa, naweka alama kwenye mstari niliofikia, ndipo naitika.

Maelekezo nayo nayarudia kwa maneno yangu kabla mwelekezaji hajaondoka. Mwanzoni niliona aibu, nikijiona kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Lakini mara ya kwanza tu kufanya hivyo, aliyenielekeza alisita, akasema, "Hapana, hapo nimekosea mimi."