Ndege wa maji ya bamvua: kuwatazama wahamao pwani ya Bagamoyo

Watu wengi wanaokuja Bagamoyo kutazama ndege hudamka alfajiri, kama walivyozoea mbugani. Ufukweni, alfajiri mara nyingi ni muda uliopotea. Vitwitwi, sululu na jamaa zao wote waliovuka kutoka Siberia na Asia ya Kati saa yao ni maji. Yakipwa wanatawanyika kula topeni, yakijaa wanakusanyika kupumzika mahali pakavu. Mwenye kutaka kuwaona kwa wingi na kwa karibu anawasubiri pale wanapopumzika.

Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu na siku mbili tatu zinazofuata, tofauti kati ya maji makuu na maji kupwa hupita mita 3. Siku za mwanzo za bamvua maji hujaa kama saa 10 alasiri, na hupwa kama saa 4 asubuhi. Kwa mtazamaji wa Bagamoyo hii ni neema. Ufukwe wetu unatazama mashariki, kwa hiyo asubuhi jua linakupiga machoni na kila ndege ni kivuli cheusi tu. Alasiri jua liko mgongoni, na hata rangi ya miguu inasomeka. Fika saa 8 mchana, tafuta pa kukaa, tulia. Makundi huanza kuingia saa mbili hivi kabla ya maji kufika kikomo. Ukichelewa hadi siku ya tatu au ya nne baada ya mwezi mpevu, maji yanajaa jua likizama na giza linakukuta hujamaliza kuhesabu.

Maji mafu, yale ya siku za mwezi nusu, yana shida yake. Hayapandi vya kutosha kufunika mafungu yote ya mchanga, basi ndege wanapata pa kusimama hukohuko nje na hawana haja ya kuja nchi kavu. Mtu anakuta mabwawa matupu, anarudi akisema mwaka huu ndege hawakuja. Wapo, umbali wa kilomita moja, kwenye fungu.

Mabwawa ninayoyasema ni ya chumvi, pale Nunge, kaskazini mwa mji kuelekea mlango wa mto Ruvu. Mabwawa ya chumvi hayafanani. Maji ya bahari huingia bwawa la kwanza, kisha huhamishwa bwawa hadi bwawa yakizidi kuwa makali, mpaka yafike kwenye vitalu vya mwisho ambako chumvi inaganda. Chakula kipo kwenye mabwawa ya mwanzo. Vitalu vya mwisho havina cha kula, lakini ndege huvipenda kwa kulala kwa sababu ni vyeupe, viko wazi na adui anaonekana kutoka mbali. Angalia kina kuliko ukubwa wa bwawa: vitwitwi wadogo wanataka maji ya sentimita 2 hadi 4, wenye miguu mirefu wanafika hata sentimita 15. Mvua za vuli zikikolea, Oktoba au Novemba, mabwawa hujaa kupita kiasi na wadogo wanahama. Hapo tafuta bwawa moja lililofunguliwa maji, utawakuta wote humo.

Piga hodi kwa msimamizi kabla ya kuingia, na muulize ni matuta gani yametengenezwa karibuni. Tuta la udongo mbichi likikanyagwa linapasuka, maji makali yanavuja, na kazi ya wiki kadhaa ya wale vijana inapotea. Heshima hiyo ndogo ndiyo inayofanya mabwawa yaendelee kuwa wazi kwa watazamaji.

Sasa wageni wenyewe, wengine kwa majina yao ya kisayansi. Wakubwa hutangulia, kuanzia Agosti, na baadhi bado wamevaa mabaki ya rangi za kuzalia. Mtazame Calidris ferruginea, kitwitwi mwenye mdomo mrefu uliopinda kidogo kuelekea chini: Agosti tumbo lake lina mabaka mekundu ya kutu yaliyochanganyika na manyoya mapya meupe, na kufikia Oktoba amebaki kijivu mtupu. Akiruka, weupe juu ya mkia unamtambulisha. Huzaliana kaskazini kabisa ya Siberia, Taymyr na kandokando yake. Watoto wa mwaka huo hufuata baadaye, Septemba na Oktoba, bila mzazi wa kuwaonyesha njia. Hawa ni nadhifu, kila unyoya wa mgongoni una ukingo wa rangi hafifu. Ukiona kundi la Oktoba limejaa manyoya nadhifu namna hiyo, huko kaskazini walizaliana vizuri.

Pluvialis squatarola akiwa amesimama ni wa kijivu asiye na la kusema, lakini akinyanyua mabawa tu, kwapa jeusi linamaliza ubishi. Tringa nebularia utamjua kwa sauti kabla ya umbo: milio mitatu ya haraka, tyu-tyu-tyu, na pembetatu nyeupe inayopanda mgongoni akiruka. Sululu, Numenius phaeopus, ana mdomo uliopinda na mistari kichwani. Maji yakijaa usimtafute bwawani tu, inua macho kwenye mikoko, kwani hupenda kusimama juu ya matawi. Xenus cinereus, mwenye mdomo uliopinda kuelekea juu na miguu ya rangi ya chungwa, naye hulala hukohuko.

Wanaotoa watu jasho ni wale wawili ambao vitabu vingi vya Afrika Mashariki vinawaandika Charadrius mongolus na Charadrius leschenaultii. Nje ya msimu wa kuzaana wote ni kahawia juu, weupe chini, na wanachanganyika kundi moja. Usianze na ukubwa, maana ndege mmoja peke yake hana wa kupimwa naye. Anza na mdomo. Pima kwa macho umbali kutoka shina la mdomo hadi nyuma ya jicho, kisha uulinganishe na urefu wa mdomo. Mdomo ukiwa mfupi kuliko umbali huo au sawa nao, ni mongolus. Ukiupita, na ukawa mnene wenye ncha ndefu, ni leschenaultii. Halafu miguu: leschenaultii ana miguu mirefu zaidi, ya kijani hafifu au manjano, na akiruka vidole vinachomoza nyuma ya mkia. Ila tope hudanganya. Miguu iliyopakwa tope haina rangi ya kuaminika, msubiri aoge. Na pima mdomo ndege akiwa amekaa ubavu kabisa. Akigeuka kidogo tu, mdomo unafupika machoni.

Anayenigusa kuliko wote ni ndege mla kaa, Dromas ardeola, mweupe na mweusi, mwenye mdomo mweusi mzito, sentimita 40 hivi. Ni wa peke yake katika familia yake. Huzaliana fukwe za Bahari ya Shamu, Omani na Ghuba kati ya Aprili na Agosti, akichimba shimo mchangani na kutaga yai moja tu, jeupe. Hupatikana pwani yetu pia. Mtazame kwa subira na utaona jambo ambalo ndege wengi wa ufukweni hawalifanyi: mtoto mwenye mgongo wa kijivu anamfuata mkubwa, anainama na kulia, naye mkubwa anamkabidhi kaa. Wamesafiri pamoja na bado analishwa.

Kuna wanaouliza habari za korongo wahamao, wale wa jamaa ya korongo taji, si korongo weupe. Wale wa Ulaya na Asia wanaofika upande wetu wa Afrika huishia Sudani na Ethiopia. Huku pwani usiwatafute.

Darubini ya 8x42 (ukuzaji wa 8, kioo cha mbele cha milimita 42) inatosha kwa mabwawani. Ya kusimamisha yenye ukuzaji wa 20 hadi 60 inasaidia sana, lakini ukipandisha hadi 60 saa 9 alasiri unakuza mvuke wa joto tu. Baki 25 au 30, na shusha miguu ya kisimamio karibu na ardhi ili upepo usiitikise. Chumvi ikikauka kwenye kioo usiifute kwa kanga wala fulana, chembe zake zinakwaruza. Ilainishe kwanza kwa matone ya maji baridi yasiyo na chumvi, ndipo ufute kwa kitambaa laini.

Kuhesabu, hesabu ndege 10 mmoja mmoja, likariri jicho ukubwa wa fungu hilo, kisha endelea kwa makumi hadi mwisho wa kundi. Rudia kutoka upande wa pili na uandike hesabu zote mbili. Kozi akipita wote wanaruka na unaanza upya, hilo halina dawa. Mbwa na mtu anayesogea chini ya mita 100 vina dawa. Kila mruko unakula mafuta ya safari, hasa Machi na Aprili wanaponenepa kwa kurudi, kwa hiyo vichwa vikiinuka na ndege wakianza kutembea pamoja, simama hapohapo, kisha rudi hatua chache.

Hesabu ya Januari ndiyo yenye thamani zaidi, kwani mwezi huo ndege wa majini huhesabiwa kwa pamoja nchi nyingi za Afrika. Na ukiona pete au kibendera cha watafiti mguuni, andika mguu gani, juu au chini ya kiungo, rangi kwa mpangilio kutoka juu kwenda chini, na herufi kama zinasomeka. Mguu usiouona andika kwamba hukuuona. Picha hata yenye ukungu iambatane na tarehe, saa na jina la bwawa.