Ziwa jingine, kaunti nyingine

Jumapili, saa nne usiku, Umoja. Stima imerudi sasa hivi baada ya kupotea tangu saa kumi na mbili. Chai iliyobaki kwenye chupa ni vuguvugu, baridi ya Julai inapenya dirishani, nami nimejitanda leso mabegani nikihesabu kurasa ambazo bado zimebeba maneno yangu mahali yasipotakiwa.

Nianzie nyuma kidogo. Wiki yetu, yaani tovuti ya maeneo ya Kenya tunayoihariri wenyewe, ina wahariri saba (kundi letu la WhatsApp linaitwa Sukuma Wiki, na hakuna anayecheka tena), na kila mmoja ana mkono wake. Tatizo lilikuwa ule mstari wa juu unaomwelekeza msomaji kwenye ukurasa mwingine wenye jina kama hilo. Kwenye ukurasa wa Turkana mmoja aliandika juu kabisa “Tazama pia Ziwa Turkana” kwa herufi za mlazo. Mwingine, kwenye ukurasa wa Thika, akaandika “Angalia Mto Thika” kwa herufi nzito, tena ndani ya mabano. Wa tatu alipenda kutanguliza nukta pacha ili mstari uingie ndani kidogo. Kwa macho inapendeza. Lakini MediaWiki, programu inayoendesha wiki yetu, huichukua nukta pacha hiyo kama sehemu ya orodha, na mwenzetu asiyeona, ambaye husikiliza kurasa kwa programu ya kusoma skrini, alikuwa akitangaziwa orodha yenye kitu kimoja kila anapofungua ukurasa. Alituambia kwa upole, kama mtu anayekwambia una sukuma menoni.

Dawa yake ni kigezo. Sentensi inaandikwa mara moja, mahali pamoja, kisha kila ukurasa unaiita kwa jina ndani ya mabano yaliyopinda, mawili huku na mawili kule. Ukigusa kigezo, kurasa zote zinafuata. Nikajitolea. Nilidhani ni kazi ya saa mbili: nichukue kigezo cha Kiingereza, nikitafsiri, nikalale.

Ngeli zikanicheka.

Sentensi ya Kiingereza ina tundu, na tundu hilo halijali unatia nini ndani. Yangu ilisema: “Kwa (tundu) nyingine yenye jina hili, tazama (tundu).” Turkana ni kaunti, ni watu, ni lugha, na ni ziwa, lile lililoitwa Rudolf hadi 1975. Kaunti nyingine ikapita. Lugha nyingine ikapita. Kisha nikatia ziwa, kigezo kikanitolea “ziwa nyingine yenye”, Kiswahili tunachozungumza kwenye matatu kila asubuhi bila mtu kugeuka, ila kukichapa juu ya ukurasa ni jambo jingine. Mto ukataka mwingine wenye. Kijiji kikataka kingine chenye. Nikaongeza tundu la tatu, mhariri atie mwenyewe namba ya ngeli. Wiki haikuisha kabla sijakuta “mto kingine”. Sikumlaumu aliyeandika, kwa sababu hata mimi nilikuwa nafungua maelezo yangu mwenyewe kukumbuka namba.

Nikampigia Mwalimu. Amestaafu, yuko Mombasa, na hahitaji kuona skrini ili ajue kosa liko wapi. Nilimsomea sentensi. Akanyamaza, halafu akasema: “Mwanangu, nani kakwambia hiyo ‘nyingine’ ina kazi hapo? Itoe.”

“Kuhusu ziwa, tazama Ziwa Turkana.” Basi. Hakuna kinachopatanishwa na chochote. Unaweza kutia mto, kijiji, watu, chochote, na sentensi inasimama. Nilikuwa nimetumia majuma mawili kujenga daraja mahali pasipo na mto.

Tulizozana kidogo tu kuhusu “makala hii” na “makala haya”. Mwalimu ni mtu wa haya. Wikipedia ya Kiswahili huandika hii. Nikaandika “ukurasa huu” na pande zote mbili zikakubali kwa shingo upande.

Linaloniuma zaidi ni “Angalia”. Nilipoanza kupitisha kigezo kipya nilifuta Angalia zote na kuweka Tazama, na zote zilikuwa za mtu mmoja, kijana wa Rongai aliyekuwa akituletea picha na maelezo ya mito midogo ambayo hakuna mwingine aliyejali kuiandika. Angalia si kosa. Ni neno lake, neno la nyumbani kwake, na la kwangu pia nikiwa sokoni. Lakini neno lilipaswa kuwa moja, na mwenye kigezo nilikuwa mimi, kwa hiyo likawa langu. Hakulalamika. Ila tangu siku hiyo jina lake sijaliona kwenye mabadiliko ya karibuni, na bado sijamwandikia, kwa sababu kila nikianza ujumbe unageuka kuwa maelezo ya ngeli.

Sasa ya leo. Saa kumi na mbili kasoro nilimalizia maelekezo ya matumizi chini ya kigezo: mfano mmoja, onyo moja, na maneno haya kwa herufi nzito, “Mwalimu, tafadhali usiiondoe koma.” Nikahifadhi. Stima ikapotea. Bando lilikuwa limeisha, nikajilaza nikijisifu.

Saa mbili simu ikalia.

“Shikamoo Mwalimu.”

“Marahaba. Naona umeniandikia kwenye Ziwa Naivasha.” Kimya. “Na Thika. Na Baringo. Koma nimeiacha.”

Nilikuwa nimesahau alama za noinclude, zile zinazozuia maelekezo yasitoke nje ya ukurasa wa kigezo. Kwa hiyo kila ukurasa uliokiita kigezo ulikuwa ukifunguka kwa barua yangu.

Stima iliporudi nilirekebisha kwa dakika moja. Lakini wiki husambaza mabadiliko ya kigezo kwa foleni, ukurasa baada ya ukurasa, na yetu ina foleni ya benki mwisho wa mwezi. Ndiyo maana niko hapa nikizisafisha kache, yaani nakala za zamani za kurasa, moja moja kwa mkono. Zimebaki tisa. Baringo, kila nikiifungua, bado inamsihi Mwalimu.