Nilivyopata chumba Mombasa bila mshahara wote kuishia kwa mwenye nyumba

Nilipopata kazi katika duka la dawa huko Nyali, ushauri ulikuwa mmoja: kakae Miritini, kodi ni nafuu. Kweli ni nafuu. Chumba nilichooneshwa kule kilikuwa shilingi 3,500 kwa mwezi, na bedsita ya Nyali, chumba kimoja chenye jiko na choo chake, dalali alinitajia 15,000 bila kupepesa macho. Nikakaa nikapiga hesabu, na si ya kodi peke yake.

Nauli kwanza. Miritini hadi Nyali ni matatu mbili kwenda na mbili kurudi, na mvua ikinyesha makondakta hujipangia bei. Hata kwa shilingi 50 kila moja, siku 26 za kazi ni 5,200. Nauli inaipita kodi! Likoni nako vyumba vya bei nafuu vipo, na feri haitozi anayevuka kwa miguu, lakini mimi hutoka kazini usiku, na foleni ya feri naijua.

Kisha maji, na hapa ndipo kaunti yetu inapoonesha nani ni nani. Maji ya Mombasa hutoka mbali, Mzima, Baricho na Marere, na hayajawahi kutosha. Wa bangaloo ana tangi na pampu, yakikatika anaita lori. Mpangaji wa chumba hununua mtungi wa lita 20 kwa kijana wa mkokoteni: ya chumvi ya kisimani aogee na kufulia, matamu anywe na kupikia. Gawa bei kwa lita, utakuta maskini ndiye anayelipia maji ghali zaidi.

Nikaanza kutafuta Kongowea. Iko kaunti ndogo ile ile ya Nyali, ila unapita kwenye majumba yenye mabwawa ya kuogelea, unavuka barabara, na muda si muda uko kwenye mabati na vichochoro. Nilipata chumba cha 5,500 kwenye nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, choo na bafu la pamoja uani. Kazini naenda kwa miguu. Kodi kubwa kuliko ya Miritini, mwezi nafuu.

Kabla ya kutoa hata shilingi, niliomba kitu ambacho dalali alikishangaa: risiti ya kodi ya ardhi. Hapa kwetu nyumba nyingi ni za bila ardhi. Aliyejenga ni mmoja, mwenye kiwanja ni mwingine, na aliyejenga hulipia kiwanja kila mwezi au kila mwaka. Wakigombana hao wawili, anayetupiwa vyombo nje ni mpangaji. Mwenye nyumba, mama wa makamo, akaingia ndani akatoka na kitabu cha risiti. Zilikuwa zimelipwa.

"Mama, kodi ya mwezi huu ninayo," nikamwambia. "Dipoziti niigawe mara tatu."

"Na ukinihama usiku, mwanangu?"

Nikamwachia nambari ya kazini na ya mjomba wangu wa Tudor. Kila kitu nililipa kwa M-Pesa ili ujumbe ubaki. Tukaandikiana karatasi moja, mbele ya jirani: kodi haipandi kabla ya mwaka, na anayetaka kuvunja mkataba anatoa notisi ya miezi miwili. Nililazimisha karatasi kwa sababu sheria ya kudhibiti kodi inamlinda mpangaji wa kodi isiyozidi 2,500 kwa mwezi, na chumba cha bei hiyo hapa mjini ni cha kuombea dua. Wengi wetu tuko juu ya kiwango hicho, tunaishi kwa huruma ya mwenye nyumba.

Kwenye mshahara wangu bado hukatwa ile asilimia 1.5 ya nyumba za bei nafuu ya sheria ya 2024, na mwajiri anaongeza nyingine kama hiyo. Nimejisajili Boma Yangu, tovuti ya serikali ya kuombea nyumba hizo. Nyumba yenyewe bado naisikia redioni.

Mwaka ulipoisha mama alitaka kuongeza 1,000. Nikatoa karatasi, tukakaa kibarazani tukavutana mpaka adhana ya magharibi. Tulikubaliana 500, na sakafu ya bafu ipigwe saruji kwanza ndipo nianze kulipa nyongeza. Fundi alikuja wiki iliyofuata.