Mtoto na Mwiba Tumbo Moja

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Tafakari ya wiki hii naiandika nikiwa nimelalia ubavu wa kushoto, simu mkononi, kwa hiyo mkikuta sentensi zimepinda mnivumilie. Jumapili hamkuniona ibadani na wengi mmeuliza. Usiku wa kuamkia siku ile nilishikwa na maumivu upande wa kulia wa tumbo, mahali pamoja ambapo ningeweza kupaonyesha kwa ncha ya kidole, makali mpaka nikadhani uchungu umeanza kabla ya wakati. Mume wangu akatafuta bajaji, tukakimbilia hospitali. Nesi akatafuta mapigo ya moyo wa mtoto, yakasikika mbio mbio kama kawaida yake. Mtoto hakuwa na shida yoyote. Aliyekuwa ananiumiza ni jirani yake.

Niseme wazi, maana wengi hamjui: nina uvimbe kwenye kizazi, fibroidi. Ulionekana kwenye altrasaundi ya kwanza kabisa, mimba ikiwa changa, na sasa mimba imeingia mwezi wa saba uvimbe una sentimita 9. Ndiyo sababu nesi wa kliniki akinipima kwa futi kamba, tumbo linasoma wiki nyingi kuliko umri wa mimba. Ndiyo sababu pia mama mmoja sokoni alinipongeza kwa mapacha. Nilipokea pongezi, nikanunua nyanya zangu, nikaondoka.

Mapacha wenyewe walinipeleka kwa Rebeka. Mwanzo 25 tunaijua: Isaka alimwombea mkewe kwa kuwa alikuwa tasa, na kutoka ndoa mpaka kuzaliwa kwa watoto ilipita miaka 20. Bwana akasikia, mimba ikaingia, na mimba yenyewe ikawa vita. Watoto walishindana ndani yake mpaka akajiuliza ya nini kuishi. Jibu la maombi ya miaka yote ile lilikuwa linamuumiza usiku na mchana. Nimeipenda Biblia kwa kutomkemea. Haisemi aliambiwa ashukuru tu anyamaze. Inasema alikwenda kumwuliza Bwana, na Bwana akamjibu.

Nilikusudia tafakari iwe hiyo, Rebeka na maswali yake, tumalizie na Zaburi 139, "uliniunga tumboni mwa mama yangu." Lakini katikati ya wiki walikuja wageni.

Nawashukuru kwa moyo. Uji wa lishe ulikuja, matunda yalikuja, wazee wa kanisa walikuja wakaniombea na kunipaka mafuta kama Yakobo alivyoagiza, na usiku ule nililala. Ila pamoja na uji yalikuja maneno. Mmoja alinishika mkono akasema, "Dada, usiikiri hiyo hali. Ukisema una uvimbe, umeupa uhalali." Mwingine alitaka kujua kama upande wa mama yangu kuna tambiko lolote ambalo halijavunjwa. Wa tatu, mama ninayemheshimu sana, alitoa kwenye kikapu chupa ya soda iliyojaa dawa ya rangi ya chai, ya kuyeyusha uvimbe, akaniapia kwamba haina madhara kwa mtoto. Na karibu kila mmoja alifunga kwa sala ileile, kwamba nijifungue kama wanawake wa Kiebrania.

Kwenye chupa sitakaa. Uvimbe huu ni misuli ya kizazi chenyewe iliyoota kupita kiasi. Dawa yenye nguvu ya kuyeyusha nyama hiyo itajuaje iishie wapi, na mtoto yumo humo humo? Zipo dawa za miti zinazokifanya kizazi kibane, na kizazi kikibana mwezi wa saba tunajua kinachotoka. Chupa nimeirudisha kwa heshima. Mama, najua unasoma hapa, nakupenda bado.

La tambiko nalo Yesu alishalijibu katika Yohana 9. Wanafunzi walimwona kipofu wakauliza, "Rabi, ni yupi aliyetenda dhambi, mtu huyu au wazazi wake?" Akakataa yote mawili. Mkitaka na hesabu, utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2003 uliona kwamba wanawake weusi zaidi ya asilimia 80 huwa wamepata fibroidi wafikapo umri wa miaka 50, na weupe karibu asilimia 70. Wengi wao hata hawajui kama wanazo. Kama kila uvimbe ni laana ya ukoo, ukoo gani utabaki wa kumwombea mwenzake?

Linalonikera hasa ni lile la kwanza, usiikiri hiyo hali. Nimelisikia madhabahuni, nimelisikia kwenye mikesha, na wiki hii nimelisikia pembeni ya kitanda changu.

Wapendwa, Paulo alikuwa na mwiba katika mwili. Hakuuficha. Aliuandika kwenye barua na barua ikasomwa mbele ya kanisa zima la Korintho, na leo tunaisoma sisi. "Kwa ajili ya kitu hicho nalimsihi Bwana mara tatu kwamba kinitoke." Mtume aliyefufua wafu aliomba, na kitu hakikutoka. Alichopewa ni neno: "Neema yangu yakutosha, maana uweza wangu hutimilika katika udhaifu." Je, Paulo aliupa mwiba uhalali kwa kuutaja? Au yule mwanamke wa Marko 5, aliyetokwa na damu miaka 12, "na kuteswa mengi na tabibu wengi," akamaliza mali yake yote? Yesu hakumruhusu aondoke kimya kimya na siri yake. Alisimama akangoja mpaka mama yule akaeleza kweli yote mbele ya umati, damu na yote, ndipo akamwita binti na kumwambia aende kwa amani.

Nilipomuuliza daktari kwa nini wasiuondoe tu uvimbe wakaniachia mtoto, alinieleza bila haraka. Kizazi cha mjamzito kimejaa damu. Ukikikata unaweza kumpoteza mtoto na mama yake. Kwa hiyo karibu siku zote hawagusi. Hata siku ya kujifungua kwa upasuaji, mara nyingi wanamtoa mtoto na kuuacha uvimbe pale pale, kwa kuhofia damu. Maumivu yangu yalitokea kwa sababu uvimbe umekua kuliko damu inayoufikia, na sehemu yake ya katikati inakufa. Tiba yake ni kupumzika, kunywa maji ya kutosha na parasetamoli, na nisijinunulie diklofenaki wala ibuprofeni duka la dawa, maana zinaweza kumdhuru mtoto. Akaniambia pia wajawazito wengi wenye fibroidi hujifungua salama, kwamba ni nadra mno uvimbe wa aina hii kugeuka saratani, na kwamba baada ya kujifungua mara nyingi hunywea. Nikatoka pale nimeelewa kwamba miezi hii yote nitambeba mtoto na mwiba pamoja, na hakuna atakayeniondolea mmoja kabla ya mwingine. Sasa nikikatazwa kuutaja, neema itanikuta wapi?

Nalisema kwa ukali kwa sababu ninamjua dada mmoja, wa kanisa lingine. Aliombewa, akaambiwa ameshapona, akasimamishwa atoe ushuhuda huku tumbo likionekana. Baada ya ushuhuda ule angeanzaje kumwambia mkunga kwamba ana uvimbe? Karatasi ya altrasaundi aliiacha nyumbani, chini ya godoro. Alijifungua vizuri, mtoto akalia, watu wakashangilia, na damu ikaendelea kutoka. Kondo la nyuma likishatoka, kizazi kinatakiwa kijikaze chenyewe ili mishipa izibe, na uvimbe unaweza kukizuia kisijikaze. Wakunga hawakujua kwamba upo, wala hapakuwa na damu iliyoandaliwa kwa ajili yake. Dada yule yu hai, Mungu ni mwema, na anaishi kwa chupa za damu za watu ambao hatawajua mpaka mbinguni. Lakini wale waliomsimamisha kutoa ushuhuda sikuwaona mlangoni wodini.

Viongozi wenzangu, tuache kudai ushuhuda ambao Mungu hajautoa. Mama akisema "bado unauma," mwamini. Akisema "nimeandikiwa upasuaji," usimwangalie kama aliyeshindwa imani. Uvimbe unaweza kukaa chini ukaziba njia, au ukambana mtoto alale vibaya, na hapo kisu ndiyo mlango ambao Bwana ameufungua. Hezekia aliongezewa miaka 15 kwa neno la Bwana, na bado Isaya aliagiza mkate wa tini uwekwe kwenye jipu. Luka aliitwa tabibu mpendwa, na hakuna mahali tunaambiwa aliacha kazi yake ili awe mpendwa.

Na hii sala ya wanawake wa Kiebrania. Naipenda, nimeiomba mimi mwenyewe kwa wengine, Kutoka 1, waliozaa kabla mkunga hajawafikia. Lakini nyumba ileile ya Israeli ilikuwa na Raheli. Alipendwa na mumewe, Mungu alimkumbuka na kumsikia, na alikufa njiani kuelekea Efrathi akimzaa Benyamini, mkunga akiwa pembeni yake. Hakukosa imani. Uzazi ulikuwa mgumu, Biblia inasema hivyo tu. Ukiniombea nizae kama wanawake wale wa Kiebrania, mkumbuke na Raheli, uniombee niwe karibu na chumba cha upasuaji.

Ninyi dada mlio na hali kama yangu, wengine mmeniandikia pembeni wiki hii baada ya kusikia. Kadi ya kliniki na karatasi ya altrasaundi vikae kwenye mkoba unaotembea nao. Mwambie kila mkunga atakayekushika, hata kama amechoka na hakutazami usoni, mwambie tena. Uliza kondo la nyuma limekaa wapi na uvimbe umekaa wapi. Vidonge vya kuongeza damu vinywe hata vikikufungisha choo. Ukiona damu, au maji yakitoka, au mtoto akiacha kucheza, usingoje ibada iishe. Na usijifungulie nyumbani. Hayo si mambo ya kukosa imani, mpendwa wangu. Mungu aliyekupa mtoto amekupa na akili ya kumleta duniani.

Mimi mniombee mtoto ageuke, kichwa bado kiko juu. Mniombee na mume wangu, ambaye usiku halali akisikiliza kama napumua, asubuhi anakwenda kazini. Wagalatia 6:2 inatutaka tuchukuliane mizigo, na baadhi yenu mmeniuliza mnisaidieje zaidi ya kufunga na kuomba. Nimepata jibu kwa nesi yuleyule wa usiku ule.

Benki ya damu ya hospitali yetu inahitaji kujazwa, na mimi ni mmoja tu wa akina mama wanaoweza kuihitaji. Mungu akipenda isiguswe kwa ajili yangu. Atapewa mwenye ajali, au mtoto mwenye malaria kali, au mama ambaye hana kanisa. Jumamosi asubuhi baada ya maombi ya alfajiri wale walioguswa waende pamoja kuchangia. Awe na umri wa miaka 18 mpaka 65, uzito usipungue kilo 50, na asiwe anaumwa. Mle kwanza, tafadhali. Waliofunga wiki hii wafungulie kabla ya kwenda, sitaki kusikia mtu ameanguka kwenye foleni kwa ajili yangu. Mimi sitaruhusiwa kwa sababu ya mimba, na wanaonyonyesha vivyo hivyo. Akina baba, nawatazama ninyi hasa, maana sisi tunaruhusiwa kuchangia kila baada ya miezi 4 na ninyi kila baada ya miezi 3, na kwenye orodha ya katibu mpaka jana jioni majina mengi yalikuwa ya kike.