Siku moja na petunia zangu, kipupwe hiki

Saa 12:30 asubuhi. Upepo wa kusi umevuma usiku kucha, na hapa Bamburi kwenye kitalu kando ya barabara ubaridi unatosha mtu kutoka na sweta. Kwetu Mombasa, Julai na Agosti ndiyo miezi ya petunia. Ni ua la asili ya Amerika Kusini, na lile joto letu la Februari hulichosha likabaki vijiti virefu visivyo na maua. Namwagilia shinani tu, kwa maji ya mvua niliyokinga kwenye mapipa wakati wa masika. Ua likilowa hushika madoa na kuoza.

Saa 2. Nachuma yaliyonyauka. Majani yana vinyweleo vinavyonata, na muda si muda vidole vinashikana. Sivuti petali pekee: nakata kikonyo chini ya kifuko cha mbegu. Kikibaki hicho, nguvu yote ya mmea hukimbilia kwenye mbegu na maua hupungua.

Saa 4, mama mmoja wa Kisauni anashuka kwenye tuktuk na chungu mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu nitazamie huyu mgonjwa."

Majani machanga yamegeuka manjano, mishipa imebaki kijani. Namuuliza udongo kautoa wapi. Uani kwake. Maji? Ya kisima. Basi nimeshajua. Ardhi yetu imelala juu ya mwamba wa matumbawe, na chokaa yake huyafunga madini ya chuma hata yakiwa tele, mizizi isiyapate. Maji ya kisima yametoka mwambani humo humo. Wengi hudhani mmea una njaa, wakazidisha samadi, na unjano hauondoki. Inaniuma kuona petunia zikitupwa kwa hilo!

Namhamishia kwenye mchanganyiko wangu: udongo mwekundu, samadi iliyooza vizuri na nyuzi za makumbi ya nazi. Makumbi nayaosha kwanza kwa maji ya mvua, tena na tena, kwa kuwa makumbi ya kusokotea kamba hufukiwa kwenye tope la pwani na hujaa chumvi.

Mchana ni swala, wali na samaki.

Saa 10 kijana anataka mbegu apande mwenyewe. Nafurahi. Gramu moja ina takriban mbegu 10,000, laini kama vumbi, hivyo namwambia azichanganye na mchanga mkavu, azitawanye juu na asizifukie. Zahitaji mwanga kuota. Azipande mwakani mwezi wa Aprili, Julai azione zimechanua. Na asitumie udongo uliotoa nyanya au biringani: ni ukoo mmoja, na magonjwa ni yale yale.

Saa 12 jioni nasia vinka, ua litakalostahimili joto la kaskazi petunia zikishachoka. Mbegu za vinka nazifunika kabisa kwa udongo, kwani zenyewe huota gizani.