Vidakuzi katika kompyuta ya steshenari yetu
Ndugu zangu, jana jioni hapa Mwanga, Kigoma, kompyuta ya steshenari yetu ilikataa kuhifadhi barua ya mteja kwa sababu diski ilikuwa imejaa, nami nikaanza kwa kuvilaumu vidakuzi (cookies), yaani kumbukumbu ndogo ambazo tovuti huziacha kwenye kompyuta ili imtambue mtu. Nilikosea. Kidakuzi kimoja ni kipande cha maandishi kisichozidi takriban kilobaiti 4, kidogo mno kuijaza diski. Kilichokula nafasi ni nakala za picha na video ambazo kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti, hujiwekea ili kurasa zifunguke haraka, na nilipozifuta, barua ikahifadhiwa mara moja.

Kilichonitia hofu ni kingine. Nilipofungua tovuti ya barua pepe, likajitokeza sanduku la mama mmoja aliyekuja asubuhi kuchapa maombi ya kazi, kwani kidakuzi alichokiacha kilikuwa bado kinaiambia tovuti kwamba ni yeye aliyeketi pale. Sikusoma hata mstari mmoja. Nilimtoa kwenye akaunti, kisha nikafuta vidakuzi vyote. Mtaalamu wa programu Lou Montulli alipovibuni mwaka 1994, akiwa Netscape, kampuni iliyotengeneza kivinjari, alitaka tovuti imkumbuke mteja anapohama ukurasa mmoja kwenda mwingine, lakini leo vile vya watangazaji humfuata mtu hadi kwenye tovuti nyingine kabisa. Kuanzia leo kila mteja wetu atafunguliwa dirisha la faragha, ambalo likifungwa, vidakuzi vyake hufutika.